Mstari wa Tano

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani wa cheti cha ambulensi umeisha. Tulikuwa kumi na wanane katika chumba kile cha Nakuru, kila mtu na kompyuta yake, na yangu ikaacha kuuliza nilipofika swali la sabini na moja. Wengine walikuwa bado wamekunja nyuso. Nilitoka polepole makusudi ili wanione. Mwalimu alituambia kompyuta hizi zinakupima kadiri unavyojibu, na zikitosheka zinasimama. Basi imetosheka nami mapema. Nilimpigia mama simu nikiwa bado getini, nikamwambia, "Mama, hiyo imekwisha. Nimefaulu."

Jumamosi, 8 Machi

Sikumtuma mama afanye aliyofanya leo.

Wakati wa shuhuda kwenye ibada ya Sabato alisimama, Elmina mjane wa Mokaya, mwenye viraka vitatu vya majani chai hapa nyuma ya Kabianga, amevaa kitambaa kipya kichwani. Akasema, "Wapendwa, huyu mtoto wangu Janefer sasa ni EMT. Si wa kuosha ambulensi tena. Sasa ni wa kupanda ndani na kuokoa watu. Mungu ametenda." Kanisa zima likaitikia. Mzee wa kanisa, Masese, akaniita mbele, nikawekewa mikono. Baada ya ibada kulikuwa na chai na mkate, na akina mama walioninyima salamu mwaka jana wakanivutia kiti. "Daktari, kaa hapa."

Nilijua matokeo hayajatoka. Nikakaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanguka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Nimeosha ambulensi.

Jumatano, 12 Machi

Bosi wangu ana ambulensi mbili pale Kericho mjini. Kwa miaka miwili nimeosha zote mbili na kubeba machela, na ndani yake wanapanda watu wenye cheti. Leo aliniita ofisini. Alishasikia. "Nafasi yako nakuwekea mpaka mwisho wa Mei," akasema. "Ikifika Juni bila cheti, naweka mtu mwingine. Na hata hiyo ya kuosha, nitaangalia." Alisema akiwa anatafuta kalamu mezani, wala hakuinua macho.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa ametoka shambani na kikapu bado mgongoni. Hakulia. Alishusha kikapu, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Bosi. Na Duke wa kazini."

"Basi iishie hapo. Utarudia kimya kimya. Mimi nimesimama mbele ya watu, Janefer. Siwezi kusimama tena kusema Mungu hakutenda."

Nikakubali. Sasa tuko wawili kwenye uongo mmoja, na mimi ndiye niliyeuanza pale getini.

Jumapili, 16 Machi

Duke Ogoti tulisoma naye. Yeye alifaulu mara ya kwanza, na ndiye anayepanda ambulensi ninayoisugua. Nimemchukia wiki nzima bila kosa lake lolote. Leo alikuja nyumbani bila kuitwa, akaomba aone karatasi ya matokeo. Nilimrushia mezani.

Ina mistari mitano: njia ya hewa, moyo, majeraha, magonjwa na uzazi, halafu mpangilio wa tukio. Mbele ya njia ya hewa wameandika niko juu ya kiwango. Mitatu inayofuata, karibu na kiwango. Wa tano, chini ya kiwango.

"Ona," nikamwambia, "mitatu nimekaribia. Walininyima kwa kitu kidogo."

"Zii. Hiyo 'karibu' haisemi ulikaribia kupita. Inasema uko kwa mpaka, inaweza kuwa juu kidogo ama chini kidogo. Hata wao hawajui."

"Na kusimama swali la sabini na moja?"

Akajikuna shingo. "Ile computer haistop ati kwa sababu umefaulu. Inastop ikishakuwa sure. Sure umepita, ama sure umeanguka."

"Kwa hiyo ilikuwa na hakika nami mapema."

"Ee. Pole."

Nilitamani kumpiga na kibao cha chapati. Akaniuliza nimekuwa nikisoma nini tangu Jumatatu. Nikamwambia njia ya hewa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hiyo ndiyo umepita! Unasoma penye hauna shida?" Nikamjibu kwamba ndiyo ninayoipenda. Na ni kweli, nimekuwa nikijibembeleza na kile ninachokijua.

Alipoondoka, mama aliyekuwa jikoni akisikia yote alitaka aelezwe karatasi. Nikamwonyesha mstari mmoja mmoja kwa kidole. Tulipofika wa tano akauliza maana yake.

"Ajali ikiwa na watu wengi, mama. Kupanga. Nani ashughulikiwe kwanza, nani angoje."

"Hiyo ndiyo imekuangusha? Nani kwanza?" Akatikisa kichwa. "Na wewe ni mtu wa kulea ng'ombe na kuku na mimi." Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi hii nimemsikia mama akiomba. Aliombea mvua isizidi, ng'ombe, majani chai, halafu, "na mstari wa tano, Baba." Nilibaki kitandani nikiutazama ukuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Mzee Johana, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwenyeji mwenye lafudhi nzito ya kwao, amemleta mjukuu mwenye maumivu ya sikio. "Taktari, angalia huyu." Nikamwambia ampeleke zahanati. Akasema zahanati haina dawa na daktari yuko hapa amekaa. Nikaangalia sikio kwa tochi ya simu, sikuona kitu, nikasema aende zahanati. Aliondoka akinung'unika kwamba watoto wakisoma wanakuwa na maringo. Maringo! Mimi ambaye jana nilisugua matapishi ya mlevi kwenye sakafu ya gari.

Jumatatu, 7 Aprili

Radi saa tisa. Umeme umepotea. Sijasoma.

Ijumaa, 11 Aprili

Duke huja siku akiwa hana zamu. Lazima nikiri anafundisha vizuri, na hadai kitu isipokuwa ndizi za mama. Leo alipanga punje za mahindi mezani, kila punje mgonjwa.

"Radi imepiga watu wanne. Huyu analia, mguu umeungua. Huyu anatapika. Huyu anatembea akiongea ovyo. Huyu hapumui. Uko pekee yako. Unaanza na nani?"

Tumefundishwa kwamba ajali ikiwa kubwa na mikono ni michache, asiyepumua hata baada ya kumfungua njia ya hewa unamwacha, unaenda kwa wanaoweza kuokolewa. Nikagusa punje inayotapika.

"Apana. Kwa radi tunageuza. Anayelia ako na pumzi, huyo ataishi. Huyu amenyamaza, moyo wake umezimwa tu. Ukimpump haraka na kumpulizia, moyo unaweza rudi. Ukimwacha, basi. Kwa radi unaanza na aliyenyamaza."

Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani wangu. Nililijibu upesi na kwa raha, kwamba asiyepumua aachwe, na sikujibu kutoka kitabuni. Nilijibu kutoka huku kwetu. Nikiwa darasa la sita radi ilipiga wachumaji wawili upande wa mashamba makubwa. Hakuna aliyewagusa. Wengine walisema miili bado ina stima, umeme wa radi, wengine wakasema ni lazima mtu wa ukoo fulani wa wenyeji aje awaguse kwanza, na sisi tuliotoka Kisii tukaona ni heri kutii, maana hatukutaka kulaumiwa. Waliachwa pale, wakafunikwa magunia hadi jioni. Nilisimama na watoto wengine tukihesabu vidole vya miguu vilivyotokeza. Kimoja kilicheza. Niliwaambia wenzangu, wakasema naota.

Miaka kumi na tano sijawahi kukifikiria kidole kile. Leo nimekifikiria mchana kutwa.

Nilimuuliza Duke, "Na kama anayelia ni mtu wako?"

"Kwa mtihani hakuna mtu wako," akasema, akala punje moja.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Majani ya kiraka cha juu yametoboka yote. Mama amesema yatachipuka.

Jumanne, 22 Aprili

Radi saa tisa.

Jumamosi, 26 Aprili

Masese alitangaza kanisani kwamba siku ya kambi ya vijana, daktari wetu Janefer atafundisha huduma ya kwanza. Mama alinifinya mkono nisijibu.

Alhamisi, 1 Mei

Haya yalitokea jana. Nayaandika leo kwa sababu jana mkono ulikataa.

Nilikuwa sina zamu, nikamsaidia mama kubeba majani hadi kituoni. Kituo chetu cha kupimia majani chai ni kibanda cha mabati juu ya kilima, na mizani inaning'inia kwenye bomba la chuma. Karani ni Nicholas, kijana mpole, mtoto wa dada yake mzee Johana. Watu kama ishirini walikuwa wakingoja lori la kiwanda. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Bomet, lakini hakuna anayeacha majani yaliyochumwa kwa sababu ya wingu. Mama alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mimi nilirudi barabarani kuchukua gunia la pili, na hilo ndilo lililoniokoa.

Sikusikia mlio. Niliona weupe, halafu nikawa nimepiga magoti kwenye matope. Nilipoinuka, mti wa blugamu uliokuwa nyuma ya kibanda ulikuwa umechanika katikati. Watu walikuwa wakikimbia kuteremka. Watatu walibaki chini. Mama mmoja, mwenye duka la pale njiani, alikuwa amekaa akitetemeka na kushika kichwa. Mama yangu alilala ubavu karibu na bomba, sketi inatoa moshi, na analia jina langu. Nicholas alilala chali chini ya mizani, mkono bado umeinuliwa kidogo kana kwamba ameshika ndoano, kimya.

Nilikimbilia kwa mama. Hilo naliandika ili nijue kwamba nilianza hivyo. Nilifika, nikaizima sketi kwa gunia bichi, nikaona mguu umebabuka kuanzia goti hadi kifundo, nikaona kifua chake kinapanda na kushuka. Analia. Ana pumzi. Alinishika mkono kwa nguvu sana.

Nikaubandua mkono wake, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia, "Mama, nakuja. Wewe utaishi. Nakuja sasa hivi." Nikamruka nikaenda kwa Nicholas.

Mzee Johana alikuwa amesimama kwa mbali na wengine, mikono kichwani. "Usikuse! Huyo amekwenta! Pado iko na stima! Shika mama yako!"

"Hana stima! Kuja unisaidie!"

Hakuna aliyekuja. Nilimwinua kidevu, nikampulizia, nikaanza kubonyeza kifua. Nilihesabu kwa sauti thelathini, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Kati ya hesabu nilimsikia mama. "Janefer! Janefer!" Nilikuwa nimempa mgongo. Kila alipoita nilijibu, "Nakuja, mama," na sikuenda. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, kwa Kikisii ili nielewe vizuri, kwamba huyu mtoto ameacha aliyemzaa anashika maiti.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mvua ilikuwa inamwagika juu yetu. Nicholas akakoroma, akatapika, nikamgeuza ubavu, akavuta pumzi yake mwenyewe. Johana akaanguka magotini palepale alipokuwa.

Ndipo nikaenda kwa mama. Alikuwa ameacha kuita. Macho yalikuwa wazi, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nikambeba begani hadi barabarani, na ambulensi iliyoitwa na waliokimbia ilikuwa na Duke ndani yake. Alimpandisha Nicholas, akampandisha mama. Mimi nilibaki na mama wa dukani hadi jamaa zake walipofika, kisha nikaenda kwa pikipiki.

Ijumaa, 2 Mei

Daktari amesema ngoma za masikio yote mawili ya mama zimepasuka. Amesema ni kawaida kwa radi, na zinaweza kupona. Nikamuuliza, "Kwa hivyo juzi pale hakusikia?" Akasema, "Hata risasi asingesikia."

Zile "nakuja" zote, basi, niliziambia mvua. Yeye aliona mgongo.

Jumatatu, 5 Mei

Bosi ameniita. Nilidhani ni pongezi. Ameniuliza kama najua ni kosa kumshughulikia mgonjwa wa namna ile bila cheti, na je, angekufa mikononi mwangu nikiwa nimevaa fulana yenye jina la kampuni? Nikamjibu kwamba fulana nilikuwa nimeigeuza nje ndani kwa sababu ya madoa. Hakucheka. Nimeosha gari zote mbili.

Alhamisi, 8 Mei

Mama yuko nyumbani. Mguu umefungwa hadi gotini. Nazungumza naye kwa kuandika kwenye daftari hili, ukurasa wa nyuma. Anajibu kwa sauti kubwa mno, kwa sababu hasikii sauti yake mwenyewe. Kwangu hajibu mengi.

Jumapili, 11 Mei

Watu wa Nicholas wamekuja, kumi na mmoja, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, na sukari na maneno mazuri. Waliketi sebuleni kwetu kumshukuru mama aliyemzaa msichana kama huyu. Mama alikaa pale na mguu wake juu ya kigoda, akiitikia kwa kichwa shukrani ambazo hakuzisikia. Mzee Johana ndiye aliyesema kwa kirefu zaidi, yeye aliyenipigia kelele nisiguse. Nilimtazama nikataka kumchukia, nikaona midomo inamtetemeka. Naye alikuwa akiogopa tu kama sisi tulivyoogopa yale magunia.

Alhamisi, 15 Mei

Sikio la kulia la mama limeanza kurudi. Leo nilikuwa nyuma ya nyumba nikikamua, nikamsikia mama akizungumza na Masese aliyekuja kumwombea. Masese alimuuliza, kwa sauti ya juu na kwa upole, kama ni kweli yanayosemwa kanisani, kwamba nilimwacha.

"Alichanganyikiwa," mama akasema. "Ni mtoto. Aliona mama yake anaungua, akili ikaruka, akashika mtu wa karibu. Hakujua anafanya nini. Mimi nimemsamehe."

Maziwa yalikuwa yakimwagika kwenye gumboti yangu. Jioni aliniita, akaniweka kichwa mapajani kama zamani, akaniambia hivyohivyo. "Ulichanganyikiwa, mtoto wangu. Hata mimi ningechanganyikiwa." Mkono wake ulikuwa kwenye nywele zangu kwa mara ya kwanza tangu kituoni.

Nikasema ndiyo, mama. Kidogo nimwambie. Sikumwambia.

Jumanne, 20 Mei

Nakuru. Chumba kilekile.

Swali la kumi na saba au kumi na nane: radi imepiga uwanja wa mpira, wachezaji watano wako chini. Mmoja analia anamwita kocha kwa jina. Mmoja hapumui. Saa ya kompyuta ilikuwa inakimbia kwenye kona. Niliona bomba la chuma, na mkono nilioubandua kidole kimoja kimoja. Niliwaza kwamba nikijibu vibaya hapa, mama atakuwa amesema kweli mbele ya Masese.

Nikabonyeza asiyepumua. Ilisimama swali la sabini na nane. Safari hii sikumpigia mtu simu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefaulu. Bosi ameniambia nianze zamu Jumatatu, na Duke amenikumbatia mbele ya watu wote hadi nikaona haya. Nilichapisha karatasi pale mjini na kuibeba chini ya sweta kwa sababu ya mvua.

Mama alikuwa barazani, mguu umenyooka, akichambua maharagwe. Nikampa. Hakuangalia juu ambako wameandika nimefaulu. Alipitisha kidole moja kwa moja hadi mstari wa tano, kwa sababu ndio alioombea miezi miwili.

"Juu ya kiwango," akasoma. Akatabasamu. Halafu tabasamu likaanza kuondoka taratibu, na kidole chake kikabaki palepale. "Huu si ndio ule wa nani kwanza?"

"Ndio, mama."

Akanigeuzia sikio la kulia. "Hii umeijua lini?"

Ningeweza kusema wiki hii. Ningeweza kusema juzi.

"Duke alinifundisha mwezi wa nne. Kabla ya kituoni."

"Kwa hivyo siku ile ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Hukuchanganyikiwa."

"La, mama. Nilikuambia nakuja. Nilikuambia mara nyingi."

Karatasi ya kwanza, ya kuanguka, bado iko ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Hii ya leo aliikunja mara nne, akanirudishia mkononi. Kesho ni Sabato, na kanisa linajua natoa ushuhuda, maana Duke amempigia Masese simu tayari.

"Kesho mimi sitasimama," mama akasema. "Nimeshasimama kwa ajili yako mara mbili, kanisani na mbele ya Masese, na mara zote mbili nimesema uongo. Sasa simama mwenyewe."

Akavuta ungo karibu, akaendelea kuchambua maharagwe.